Mume Wangu Kamtoa Mchumba wa Binti kwa Kidole

Mshauri mpendwa, nisaidie mwenzio maji yamenifika shingoni, mimi ni fundi cherehani na mume wangu anafundisha hesabu, ila ligi ya kriketi ikianza, ile fupi ya ova ishirini, yaani mipira sita mara ishirini, yeye huwa mwamuzi, na msimu huu uamuzi kauleta mpaka nyumbani, chai ikizidi sukari ananyoosha mikono yote miwili pembeni, maana yake mpira umeenda nje, niirudie, nami nairudia, na tukibishana hasemi neno, anachora kiboksi hewani kwa vidole kisha anamfuata mama yake chumbani, ndiye mwamuzi wa tatu, yule wa kutazama marudio kwenye televisheni, na mama mkwe akishaamua hakuna rufaa.

Hayo nilivumilia, lakini Jumapili kinyozi anayempenda binti yetu alikuja kujitambulisha, kapiga pasi mpaka soksi, mume wangu akasimama nyuma ya kiti cha mgeni na koti lake jeupe la uamuzi na kofia pana, kijana akasema, "Mzee, nimekuja kwa nia njema," mara chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, mume wangu akainua kidole taratibu, yaani umetolewa, sasa maskini kijana hajui kriketi, akadhani anaonyeshwa Mungu, akafumba macho akaanza kusali, nasi tukaitika amina, kufumbua, kidole bado kiko juu, akauliza, "Tuendelee, mzee?" Mume wangu akamjibu, "Umetoka." Kijana akatoka kweli, viatu kaviacha mlangoni, binti analia, mama mkwe anapiga kelele toka chumbani, "Hajatoka huyo! Kiwiko cha mwamuzi ndicho kilichogonga kikombe, nimeona kwenye upenyo wa mlango!" Mume wangu akafuta uamuzi palepale, lakini kijana alishafika barabarani, peku.

Sasa binti anasema nilichome lile koti ama anahama, nami mkono hauendi, mshauri, na siri yangu ni hii: ligi ikiisha mume wangu hana habari na mtu, anakula, anasahihisha madaftari, analala, ni kama nimeolewa na kabati, ila msimu huu ananitazama hata nikikoroga chai. Fainali ni Jumamosi. Naiogopa Jumapili.

Fundi Mvumilivu

*

Fundi, pole, halafu nikugombeze. Mtu mzima unarudia chai kwa sababu mwanamume kapanua mikono? Anywe hivyohivyo! Koti usichome, moto haujawahi kumfundisha mtu kuongea. Lakini binti yako naye asilie ili wewe upate kutazamwa. Hapo umekosea, mama.

Viatu avirudishe mume wako mwenyewe, mchana kweupe, kinyozini, wateja wakiwa vitini, na aombe radhi kwa mdomo. Asimtume mama yake. Huyo bibi mheshimu sana, ndiye mwenye macho humo ndani, ila mambo yenu wawili asiyaamue.

Jumamosi nenda uwanjani. Najua hujawahi kwenda, barua nzima hujataja hata nyasi zake. Mkirudi, muulize njiani kwa nini alimtoa mchezaji yule na huyu akamwacha. Ataongea mpaka umchoke. Jumapili sasa, muulize nini kinamtisha yeye, baba mtu, binti akiolewa. Akinyamaza, usikimbilie vyombo jikoni. Kaa naye hapohapo, na akianza kusema, nakuomba mwenzangu, usimkatize.