Huyu Kwenye Picha Si Wewe

Ijumaa, jioni. Mawingu yamekaa juu ya Uluguru tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki, na mimi nina hasira.

Niiandike hasira yenyewe kabla haijapoa. Kesho timu ya wanawake ya Dakawa inacheza hapa mjini mechi ya kupanda daraja. Nimewafuata msimu mzima na kamera yangu, kwenye viwanja vya kando ya majaruba ya mpunga, na kesho sitakuwepo kando ya mstari. Sina kitambulisho. Nimekikosa kwa sababu ya picha ya paspoti saizi. Mimi, mpiga picha.

Cheka tu. Nami nitacheka, labda mwezi ujao.

Kule Dakawa hakuna anayekuuliza kitambulisho. Unafika, unasalimiana na kocha, unatafuta upande ambao jua halikupigi usoni, unaanza kazi. Lakini mechi ya kesho itaonyeshwa kwenye televisheni, kwa hiyo kila mpiga picha lazima awe na kitambulisho cha mechi na kizibao chenye namba. Asiye navyo akae jukwaani, na jukwaani kamera yenye lenzi ndefu hairuhusiwi. Sheria hiyo nimeisoma mara nyingi nikitafuta upenyo. Sikuuona.

Wiki tatu nimekihangaikia hicho kitambulisho. Kwanza walitaka barua ya chombo cha habari, wakati mimi nina studio yangu Mafiga na blogu hii basi. Nikaenda kwa mhariri wa redio moja ya hapa mjini, ambaye hutumia picha zangu kwenye ukurasa wao bila hata ahsante. Akasema njoo kesho. Nimejifunza kwamba kwake yeye kesho ni siku yoyote isipokuwa inayofuata. Barua ilipotoka haikuwa na mhuri, na mtunza mhuri alikuwa msibani Kingolwira. Nikasubiri matanga yaishe. Huwezi kumlaumu mtu kwa kufiwa, ingawa kimoyomoyo nilimlaumu, Mungu anisamehe.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na mwisho wenyewe saa nane na nusu mchana. Saa tatu asubuhi nilikuwa mezani kwa Shomari, msimamizi wa habari wa mechi, na bahasha yangu imekamilika. Akapitia fomu, akapitia barua, akaridhika. Kisha akaichukua picha, akaitazama, akanitazama mimi, akairudia tena.

"Dada Fausta, huyu kwenye picha si wewe."

Nilidhani ananitania, maana tunafahamiana siku nyingi. Akavua kitambulisho chake shingoni, akakiweka mezani. Picha iliyopo pale nilimpiga mimi. Kwa kweli waandishi wengi wa mji huu picha za vitambulisho vyao nimewapiga mimi.

"Hii yako nilizuiwa nayo mlangoni Dodoma," akasema. "Mlinzi ananiambia nikamlete mwenye kitambulisho. Umenitoa makunyanzi, ukanitoa na miaka kumi. Nimesimama juani mpaka mpira umeshaanza."

Hiyo ndiyo kazi inayoniletea wateja: mtu anaingia na chunusi zake, anatoka bila. Wanafurahi, wanaleta na dada zao. Sikuwahi kufikiri kwamba picha ina kazi nyingine zaidi ya kumfurahisha mwenyewe.

Sasa niseme la kwangu. Nina kovu shavu la kushoto. Nilikuwa darasa la nne, tunashusha karoti kutoka Mgeta, kapu kichwani, njia imeteleza, shavu likakutana na jiwe. Ni kovu refu na pana, linaonekana hata ukiwa mbali. Kwenye picha zangu zote halipo. Sikumbuki siku niliyoamua hivyo. Nilikuwa nalifuta tu, kama mtu anavyofuta meza kabla ya kula.

Ningeweza kurudi studio, nijipige upya kwa dakika tano, nisiguse kitu, nimrudishie. Sikutaka kuiona picha ya namna hiyo. Badala yake nilifungua ile ile kwenye kompyuta, nikakaa saa nzima na nusu nikilirudisha kovu kwa brashi, huku nikijitazama kwenye kioo. Na nikalichora zuri. Jembamba, limepinda kidogo, kovu la mwigizaji wa sinema.

Shomari alipoliona alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwa upole ambao uliniudhi kuliko kile kicheko: "Dada, nenda kapigwe kwingine. Nataka kuona mhuri wa studio nyingine nyuma ya picha. Ukijipiga mwenyewe tutakesha hapa."

Studio nyingine ya karibu ni ya Bi Zuhura. Miaka sita nimekuwa nikiwaambia wateja kwamba kwa Bi Zuhura mtu anatoka kama anayepelekwa mahakamani. Nikaenda hivyo hivyo, nikakuta mlango umefungwa. Mimi Mkatoliki wa Mgeta, nimeishi mjini hapa miaka kumi na mbili, na bado nilisahau kwamba leo ni Ijumaa na mwenzangu ameenda kuswali.

Alirudi saa nane kasoro robo. Wakati huo wanafunzi saba walikuwa wameshapanga mstari mbele ya mlango, wamekuja kupigwa picha za fomu za shule, na mimi nilikuwa nimesogea kibandani kununua maji. Nikamwomba Bi Zuhura anitangulize. Akaniuliza, mbele ya watoto wote wale, kama kwenye studio yangu aliyekuja nyuma ndiye anayepigwa kwanza. Nikaenda kukaa kwenye benchi.

Zamu yangu ilipofika nilimwamkia upya, shikamoo, nikaitikiwa marahaba ndefu ya mtu aliyekuwa anaingojea miaka sita. Yote niliyowaambia wateja anayajua. Akanikalisha, akanishika kidevu.

"Unalaza shavu. Inua."

Nikainua.

"Bado unalificha."

Sikujua kama huwa nafanya hivyo. Alipiga mara moja tu, akachapisha, akagonga mhuri nyuma. Hakugusa chochote. Niliitazama njia nzima ya kurudi. Nimechoka, nina kovu, na nina uso wa mama yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sikuipenda. Mpaka sasa siipendi.

Nilifika kwa Shomari saa tisa kasoro dakika kumi. Orodha ya wapiga picha ilikuwa imeshatumwa, na ikishatumwa haiongezwi jina. Akasema angeningoja kama ningempigia simu. Simu nilikuwa nayo mkononi muda wote niliokaa kwenye lile benchi. Sikupiga kwa sababu sikutaka aulize niko wapi, nikalazimika kumtaja Bi Zuhura.

"Mechi nyingine, dada," akaniambia.

Mechi nyingine ipi? Wakishinda watapanda, waanze kucheza mikoa ya mbali ambako siwezi kuwafuata. Wakifungwa, msimu umekwisha.

Nimejaribu kumkasirikia mhariri. Nimejaribu kumkasirikia Shomari, na Bi Zuhura, na aliyetunga hiyo sheria. Nikiwapitia wote nabaki peke yangu.

Sasa hivi nimepata ujumbe wa Mwanaidi, mshambuliaji wa Dakawa. Kwao hakuna mpiga picha mwingine, kwa hiyo kila akifunga hukimbilia kwangu, anasimama mbele ya lenzi na matope yake, anatulia mpaka nimalize. Ameandika: "Shikamoo dada Fausta. Kesho utakaa upande gani? Nataka nijue pa kukimbilia."

Nilimwandikia kwamba naumwa, nikafuta. Nikaandika kwamba kamera imeharibika, nikafuta.

Mwisho nimemwandikia hivi: "Marahaba mdogo wangu. Nimekosa kibali, na kosa ni langu mwenyewe. Nitakuwa jukwaani na tiketi. Ukifunga, kimbilia kwa wenzako."

Ameusoma. Hajajibu. Kesho akifunga watampiga picha watu wenye vizibao, wasiojua hata jina lake, na mimi nitakuwa nimesimama jukwaani na wengine nikipiga makofi.