Mbegu ndani ya fundo la kitenge

Dada Kavira,

Tuko Hombo tangu juzi, katika njia ya kuja kwako Kisangani, matope ya potopoto imemeza magurudumu ya kamyo yetu. Rezo ya simu hakuna, njo maana nakuandikia.

Leo tukikula fufu na sombe, abiria mumoja, mwalimu wa fizike, alisema mwangaza ndani ya uzi wa kioo, ule wa fibre optique, unafika Kisangani mbele ya kufumba jicho. Chofere akakataa: "Nijazie kamyo kadi memori. Nani ataleta habari mingi, uzi wako ao mimi?" Mwalimu akapiga hesabu kwa makaa ubavuni mwa kamyo, akakubali: kamyo itashinda, hata ikilala mwezi katika potopoto. Tulicheka mupaka machozi.

Njo Mama mumoja aliyekimbia vita Masisi akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi memori ndogo kuliko mbegu ya haragi. "Nyumba ilichomwa. Marehemu bwana wangu anaimba humu. Kwetu mbegu haibaki kwa nyumba moja, tunagawia majirani."

Kila mwenye simu akakopia, na mimi pia. Nikifika, na wewe utamubeba huyo marehemu ndani ya simu yako. Futa hata picha zangu, umupatie nafasi.

Mungu awachunge na watoto.

Mudogo wako,
Kambale