Mulifika Wote?

Mikelenge, Kindu

Mujukuu wangu Ramazani,

Sisi wazima, mihogo imekomaa. Unauliza kama tutakucheka, kwa sababu siku ya tatu ya mashindano ya baiskeli ulimpa kapiteni wa ekipe yenu gurudumu lako, akamaliza, wewe ukafika wa mwisho.

Wakati wa vita tulikuwa wanne, tukileta mafuta ya mawese kwa baiskeli, siku tatu za njia. Desturi yetu, baiskeli ya mwenzako ikivunjika, munagawana bidoni zake za mafuta. Kupita Kailo, gurudumu la Saidi likapinda. Mimi njo nilikuwa na nguvu kuliko wote, lakini nilikataa hata bidoni moja, nikawaacha.

Nikaingia Alunguli, mwisho wa safari yetu, wa kwanza, nikipiga kengele kama bwana harusi. Dada yake Saidi akatoka mbio. Mafuta yangu hakuyatazama.

“Kaka yangu iko wapi? Mulifika wote?”

Nikashusha mzigo palepale, nikageuza baiskeli kuwafuata.

Yule binti njo nyanya yako. Rudi nyumbani, baba. Atakuuliza neno lilelile, na wewe jibu unalo.

Babu yako