Vidonge vya Mama Neema

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa, si umelala. Mimi huku Maskati ni mzima, mikono tu imekauka kwa sabuni. Bibi ninayemhudumia amenizoea mno, sasa hali mpaka nikae naye.

Barua hii nimempa Zuhura, binti wa Mazingara ninayefanya naye kazi mtaa mmoja, anarudi nyumbani. Nimemwomba akusomee chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Ujumbe wa simu siutaki tena. Macho yako hayaoni maandishi madogo, nami nimegundua kuwa anayekusomea na kukujibia ni Mama Neema, huyo huyo anayekuuzia vidonge vya tumbo. Nikiuliza kama umekwenda hospitali, najibiwa, "Dawa inafanya kazi, mwanangu." Mwanangu! Mimi nina jina la mama yako, na tangu nizaliwe wewe huniita mama. Mtu mwingine ndiye aliyeandika.

Halafu ile siku ulipopiga mwenyewe. Ukanieleza kuwa Mama Neema kakuambia ndani ya vidonge mna bakteria wazuri, wazima, wa kulituliza tumbo. Nawe, uliyefundishwa zahanati miaka yote kuchemsha maji, ukavifungua, ukaumwaga unga wake kwenye chai ya tangawizi ikitokota. "Nani anameza wadudu wabichi?" ukasema. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikakuuliza Mama Neema alisemaje. Ukajibu, "Kasema hata hivyo ni sawa, ila ninunue kopo jingine la vidonge."

Kicheko kikaniishia hapo hapo. Bibi wa hapa naye daktari alimpa vya namna hiyo, dawa kali zilipomvuruga tumbo, na vyake vinakaa kwenye friji. Nilimuuliza mfamasia. Akasema ukivichemsha umewaua hao bakteria, unakunywa chai tu. Akasema wapo watu vinaowasaidia, lakini anayekonda na kuona damu chooni asikae navyo nyumbani, akapimwe kwanza. Mama Neema angejua anachouza, angeshtuka uliposema umechemsha.

Habari ya damu hukuniambia wewe. Kaniambia kaka Hamisi alipokuja kukuona kutoka Korogwe, tena kwa kunong'ona.

Kwa hiyo simshuku Mama Neema peke yake. Nakushuku na wewe. Naona unajua vidonge vile si lolote, unavinywa tu ili ukiulizwa uwe na la kujibu. Nikikuuliza tumbo, unanieleza mahindi. Unaogopa kwa sababu mama mkubwa alikwenda kupimwa akarudi wa kulala tu. Lakini alikwenda amechelewa, na wewe ndiye uliyelisema hilo msibani kwake, ukilia.

Nenda Korogwe na Hamisi. Mwambie daktari yote, hata ya chooni, usione haya.

Nisalimie shangazi, dada wa marehemu baba, anayekupikia uji siku usizoamka. Msalimie mjomba mwenye duka la baiskeli, na yule mama wa Kimasai anayekuletea maziwa ya mgando. Nasikia Mama Neema kakukataza kuyanywa. Hilo nalo kamuulize daktari, si yeye.

Msiba wa baba ulinikuta jikoni kwa watu. Nilivuta kapu la vitunguu nikaanza kumenya, wasije wakaniuliza ninalia nini. Usinirudishe kwenye lile kapu, mama.

Ni mimi, mama yako mdogo,
Mwanahawa