Trela la Emil Linauzwa Kama Lilivyo

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimelitoa trela la Emil bandani. Peke yangu, kwa trekta bovu, na upepo huu wa Nebraska unaong'oa kofia pamoja na nywele zake. Mtu mwingine angeita jirani. Mimi siiti jirani. Mimi ndiye niliyenyanyuliwa na kimbunga nikiwa juu ya trekta, nikashushwa shamba la pili, injini bado inanguruma — na mistari niliyolima hewani ilikuwa imenyooka kuliko ya ardhini. Hawaamini. Shauri yao.

Nimelisimamisha karibu na barabara. Mahindi yameshavunwa, linaonekana tangu mbali. Nyumba ndogo ya bati yenye magurudumu, mgongo wa mviringo kama mkate. Meza mbele, kitanda nyuma, mlango katikati. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na hilo trela, na kutu tumegawana. Nimeandika kwenye boksi: LINAUZWA KAMA LILIVYO. Herufi zimepanda mlima kidogo. Zinasomeka.

Sababu naiandika hapa maana hapa hasomi mtu. Shemeji Emil tulimzika Aprili. Nyumba imeshapata mwenyewe mpya, na dada Albina ana chumba mjini, chenye joto, kinamsubiri. Hataki. Tangu kiangazi amehamia kwenye trela. Anasema Emil yumo. Trela lenyewe halina hata jiko la moto — theluji ikimkuta mle, nitamzika na yeye. Basi. Trela liende, dada aende mjini.

Nilipomwambia nauza, amesema sawa. Uza. Ila uza kwa haki, kama Emil. Amesema kwa sauti ya mtu anayejua halitauzika.

Jumatano, 8 Oktoba

Amekuja mtu wa kwanza. Bwana Stanek wa Crete, mji wa hapa hapa Nebraska, anakarabati matrela ya zamani. Tukazunguka.

Emil alikuwa hauzi hata reki bila kuzunguka. Muuzaji na mnunuzi wanaanza mbele, wanatembea pamoja mpaka wanarudi pale pale, na muuzaji anataja kila ubovu kwa sauti. Uliotajwa ni wa mnunuzi. Uliofichwa ni wa muuzaji siku zote, hata miaka ipite. Ndivyo tulivyokuta wazee wetu wa Kicheki wakiuza ng'ombe na mashine, ndivyo tunavyouza sisi.

Basi nikataja. Paa linavuja juu ya kitanda. Sakafu imeoza mlangoni, kanyaga pembeni. Taa za nyuma hazijawahi kuwaka tangu nianze kunyoa ndevu. Miguu minne ya kulikaza pembeni imekufa kutu, ndiyo maana linacheza mtu akiingia. Stanek anatikisa kichwa, anachoma choma mbao kwa bisibisi. Amefurahi! Kasema siku hizi watu wanapaka rangi juu ya uozo.

Tukarudi mbele. Pale kwenye chuma cha kuvutia Emil alifunga pimamaji, kile kioo chenye maji na kiputo cha hewa ndani, ili akilisimamisha ajue limelala sawa. Stanek akainama kutazama. Akakaa ameinama.

Nani yuko ndani, akauliza.

Hakuna mtu.

Kweli hakuna. Dada nilikuwa namwona kule kwenye kamba, anaanika shuka. Na kiputo kinatembea. Polepole. Kama mtu ameinuka mezani, anakwenda kitandani, hana haraka. Upepo ulikuwa umelala.

Una mbwa?

Nikamwambia mbwa alikufa kabla ya Emil.

Basi mimi sijaona kitu, Stanek akasema. Akapanda pikapu. Hata mkanda hakufunga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekaa kwenye ndoo mbele ya trela tangu kifungua kinywa. Dada alikuwa kwa jirani.

Kiputo kimekwenda mezani. Kimekaa. Kimerudi kitandani.

Sasa mimi kwa pimamaji naweza kukutajia uzito wa mtu mpaka na soksi zake. Emil alikuwa akiingia, kiputo kinakimbilia mwisho wa kioo, kinajificha. Huyu hakisogezi hata nusu. Huyu ni mwepesi. Kama mtoto. Kama paka aliyeshiba.

Emil hakuwa mwepesi, hata alipokuwa anakufa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamekuja Shawna, binti wa binamu yetu, na mumewe Brody. Wanataka trela la kwenda nalo ziwani. Nikawaza: nikae kimya, walichukue leo leo. Halafu nikawaza Emil. Tukazunguka. Nikataja paa, sakafu, taa, miguu. Tulipofika mbele nikafumba macho nikasema — na humu ndani mna kitu. Kinatembea. Sio Emil.

Shawna akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mjomba Laddie, kimbunga kilikubeba. Kambare alikuvuta na mtumbwi mpaka Kansas. Leo mzuka."

"Huu ni kweli, Shawna."

"Na kambare je?"

"Kambare niliongeza kidogo. Huu sijaongeza."

Brody anauliza mzuka umo kwenye bei au unalipiwa pembeni. Nikawaonyesha kiputo. Kimetulia tuli, kinanitazama tu, mshenzi yule. Maisha yangu yote nadanganya naaminiwa nusu. Leo nasema kweli naambiwa niongeze chumvi.

Wakasema wanalichukua. Hadithi kama hii watawasimulia wenzao ziwani! Shawna akaingia kumwomba dada aje kutia sahihi.

Hakukaa sana. Ametoka mikono ameikunjia kifuani.

"Shangazi kaniambia nikae upande wake. Upande ule una mtu." Anaongea na Brody, sio na mimi. "Nikashika kile kiti, nimwonyeshe hakuna kitu. Brody, kina joto."

"Jua hilo, mpenzi."

"Dirisha la upande ule lina pazia."

Wamekwenda. Kutoka kwenye pikapu hakuna aliyenipungia mkono.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimepika supu ya nyama na maharage, mikate ya mdalasini pembeni, kama dada anavyopenda baada ya kanisa. Nikampelekea. Ameshika kijiko, amekirudisha. Nikamwambia dada, kula. Kasema ameshiba. Ameshiba nini? Mkanda wa gauni lake umetobolewa tundu jipya, na hilo jipya nalo limeshalegea.

"Chumba cha mjini kina dirisha zuri," nikamwambia. "Unaona mpaka duka la mikate."

"Wewe kakae."

"Dada, mimi nina nyumba."

"Hata mimi," akasema, akapiga piga meza kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemtuliza mwenzake.

Nikatoka nikakaa kwenye ndoo yangu. Yeye yuko mezani. Kiputo kilisogea kidogo tu. Kidogo mno. Dada yangu alikuwa mwanamke wa kuinua gunia.

Alipotoka kumwaga maji nikatazama tena. Ndani hamna mtu. Kiputo kikasogea zaidi kuliko alipokuwa yeye.

Yeye anapungua. Kile kinaongezeka. Nimeshaandika, sasa siwezi kujifanya sijui.

Jumanne, 14 Oktoba

Amekuja mwanamke mtu mzima, pikapu ya bluu, peke yake. Anaitwa Ione Pflug. Ametokea kule magharibi, karibu na vilima vya mchanga. Aliona tangazo langu kwenye ubao wa duka la mbegu, akalitambua trela.

Nikaanza mzunguko. Hakunifuata. Hakutazama paa, hakukanyaga sakafu. Alikwenda moja kwa moja mbele, akachuchumaa kwenye pimamaji.

"Siku hizi anakaa upande gani?"

Mimi niliyekaa juu ya trekta hewani, nikakaa kwenye ndoo.

Nikamwambia asubuhi mezani, mchana kitandani.

"Ameshakuwa mzito?"

"Anaendelea."

Akavua miwani akaifuta. Akasema trela lilikuwa la kwao. Baba yake alipofariki, mama yake alihamia mle. Mama akawa anasema mumewe yumo. Akaacha kula nyumbani. Siku waliyomkuta amelala juu ya meza, kaka yake Ione alimbeba kwa mkono mmoja, kama nguo.

"Na mle ndani?"

"Mle ndani bado mlikuwa na uzito," akasema.

Baada ya mazishi walifanya mnada, na Emil akaja. "Mtu mzuri. Alinifundisha kuzunguka, maana sisi kwetu hatukuwa na desturi hiyo. Nikamtajia paa. Nikamtajia sakafu. Hili sikulitaja. Niliogopa hatanunua." Akavaa miwani. "Kwa hiyo ni langu, bwana. Nimekuja kuchukua langu."

"Utalifanya nini?"

"Nina shamba ambako hafiki mtu. Nitalisimamisha katikati, halafu nitalichoma moto mchana, nikiwa natazama."

Nikamwambia kuna neno moja. Karatasi ya trela ina jina la dada yangu. Bila sahihi yake haliondoki.

"Basi mwambie ukweli," akasema. "Mimi mama sikumwambia. Nilimwacha na raha yake."

Atarudi Alhamisi.

Jumatano, 15 Oktoba

Sijamwambia. Nilikwenda mara kadhaa mpaka mlangoni. Kila nikifika maneno yanayokuja ni ya kambare.

Umande ulikuwa mweupe asubuhi. Madirisha ya trela yamefunga ukungu kwa ndani. Yote. Hata lile la kitandani, na dada alikuwa mezani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika kwenye ndoo, kitabu gotini. Mikono inahitaji kazi.

Ione amefika baada ya chakula cha mchana. Amerudisha pikapu kinyumenyume mpaka karibu na trela, hajaliunganisha. Jua kali, hakuna upepo, kunguru hawapo. Dada ametoka mwenyewe. Amevaa koti la Emil, limemmeza. Ione akamsalimu vizuri, akampa kalamu. Dada akanigeukia mimi.

"Laddie. Huyu mama anataka kuondoka na Emil. Wewe unasemaje?"

Dada alikuwa ndiye pekee aliyewahi kuniamini. Lile la kimbunga alikuwa akiwasimulia wageni kama ushahidi, na alikasirika wakicheka. Ningesema ni Emil, angeniamini. Ningesema chochote.

Nikasema: "Dada, sio Emil. Nimetazama kiputo. Emil alikuwa anakipeleka mwisho wa kioo. Huyu ni mwingine. Anakula uzito wako."

Nikangoja alie. Hakulia. Akaniangalia kama siku nilipojaribu kumfundisha kukanda unga.

"Nimelala ubavuni pa yule mwanamume maisha yangu yote. Wewe ndiye unifundishe uzito wake?"

"Unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini, dada?"

"Kwa sababu nikizungumza, anasogea karibu." Akatazama upande wa mjini, kule kwenye chumba chenye joto. "Kule atasogea nani?"

Nikasema mimi nitasogea. Nitakuja kila siku, nitaleta mikate, nitakaa. Nilikuwa nasema kweli na nikasikia ilivyotoka — kama kambare.

Akanigusa shavu. Mkono hauna kitu ndani yake. Akachukua karatasi na kalamu, akasema anakwenda kuaga kwanza, halafu atatia sahihi. Akakanyaga pembeni ambapo hapajaoza, akaingia, akafunga mlango.

Hapo ni muda sasa. Nilitaka kumwita. Ione kanishika mkono: "Usimwite jina. Mama tulimwita jina. Wakaitikia wawili."

Kwa hiyo tumekaa. Yeye kwenye ngazi ya pikapu, mimi kwenye ndoo, macho kwenye pimamaji. Dada alipoingia kiputo kilisogea kidogo, kama mtu amekaa mezani. Halafu kikaanza kurudi. Sasa kimesimama katikati kabisa, kati ya mistari miwili, kama trela tupu lililosimamishwa na fundi. Sio tupu. Nasikia kalamu inakwaruza karatasi. Mmoja yuko mezani na mmoja yuko kitandani, na uzito wao sasa ni sawa.

Kalamu imenyamaza.

Ione amesimama. Kitasa kinazunguka, kutoka ndani. Kiputo hakijasogea. Basi wameinuka wote wawili, kila mmoja upande wake, wanakuja mlangoni.