Aliyemsemea Mzee Kofia

Dar es Salaam, 4 Machi 2024

Mjomba Yusufu,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkaza mjomba Hawa hamjambo huko Ziwani, na mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Mimi mzima, ni joto tu.

Nina habari. Kituo cha televisheni ninapofanya kazi kimenunua filamu za zamani za magenge, na sisi watafsiri tumepewa kuzitia Kiswahili. Watazamaji wenyewe ndio waliozidai. Msimamizi wetu, dada Gladness, anashangaa: vijana wana filamu mpya zenye magari yanayoruka, lakini wanaandika kuomba za wazee wenye suti wanaoongea taratibu. Mimi sikushangaa. Nimekulia kwenye banda lako la video, nikikusikiliza ukitutafsiria.

Ya kwanza niliyopewa ni ile tuliyoiita Mzee Kofia. Nilikwenda moja kwa moja pale kwa kinyozi: Mzee Kofia ananyolewa, na mdogo wake aliyemuuza kwa maadui amekaa nyuma yake. Miaka yote ulimsemea Mzee Kofia hivi: "Ulipokuwa mdogo nilikubeba mgongoni tukavuka mto. Leo nivushe wewe." Watu wazima walilia. Mimi nililia.

Mjomba, hasemi hivyo. Hata hamwongeleshi mdogo wake. Anamwambia kinyozi, "Ukimaliza kwangu, mnyoe na mdogo wangu." Basi.

Nimesikiliza filamu nzima. Karibu hakuna neno ulilotuambia lililomo. Kumbe Kiingereza hukijui? Miaka kumi na minane umeshika kipaza sauti ukitutungia? Hapa kazini nilikwisha kujigamba kwamba mwalimu wangu wa tafsiri ni wewe. Jana waliponiuliza tena habari zako, nilinyamaza.

Nijibu.

Mpwa wako,
Somoe


Dar es Salaam, 27 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hamjambo? Kondakta wa basi niliyempa barua yangu ananiambia aliikabidhi mkononi mwako, basi najua umeisoma. Karibu miezi mitatu sasa. Hata salamu kwa simu hakuna.

Naandika kuomba radhi, na kukwambia kilichotokea. Anayemtia sauti Mzee Kofia hapa studio ni kaka Mikaeli, mwigizaji mzuri, lakini alikuwa anasoma kama mtu anayetangaza taarifa ya habari. Tulirudia mpaka tukachoka. Mwishowe nikasema, "Kaka, ngoja nikuonyeshe mjomba wangu alivyokuwa akimsemea." Nikamsemea kwa sauti yako, ile ya chini, na ile pumzi unayoivuta kabla ya neno la mwisho. Maneno yalikuwa ya filamu. Namna ya kusema ilikuwa yako. Dada Gladness akauliza, "Hiyo umeipata wapi?"

Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia jina lako na la kijiji.

Nimeitazama tena filamu yote, Mjomba. Maneno hayakuwa yao, lakini nani anamwogopa nani, nani atamsaliti nani na kwa nini, hukukosea hata mahali pamoja. Uliwezaje? Na wanauliza kama utakuja Dar kutusaidia.

Nisamehe.

Mpwa wako,
Somoe


Ziwani, 2 Julai 2024

Mpwa wangu Somoe,

Marahaba mwanangu, kwa shikamoo zote mbili. Sisi wazima, alhamdulillah. Mkaza mjomba wako anakohoa kidogo, maana tunapulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho, ila maneno hayajampungua.

Barua yako ya kwanza niliificha chini ya godoro. Hawa akaikuta, akanisomea kwa sauti kana kwamba mimi sijaisoma. Akasema, "Mtoto kauliza, na wewe mdomo unao." Bado nilikaa kimya. Ilikuwa aibu, na aibu sikuizoea.

Ni kweli, Kiingereza sijui. Niliishia darasa la saba. Nilikuwa na mikanda, na nilikuwa na watu waliotaka kujua kinachosemwa. Basi kila filamu, kabla sijaionyesha, niliitazama mara saba, mlango nimeufunga, sauti nimeizima. Kwanza nilitazama macho. Akiingia nani, wengine wanaacha kula? Huyo ndiye mkubwa. Kisha mikono. Kisha nani anamgeuzia nani mgongo. Nikishajua hayo, maneno yanakuja yenyewe.

Unaniambia dada Gladness anashangaa kwa nini watu hawazichoki. Mwambie hivi: mkubwa wa kweli katika filamu zile hapigi kelele. Anaweka kikombe mezani polepole, anakuuliza habari za watoto. Hakuna mkulima hapa ambaye hajawahi kutembelewa na mtu wa namna hiyo, kakaa barazani kwake, kamwambia kwa upole korosho zake atamuuzia nani. Siku hiyo humtazami usoni. Kwenye benchi langu unamtazama. Unaingia mpaka chumbani kwake, unamwona akiogopa, unamwona akianguka. Unarudi nyumbani shingo imenyooka.

Mwalimu Isaya, yule mwenyeji wa Bukoba, alijua siri yangu tangu mwaka wa kwanza. Alinivuta pembeni akasema, "Yusufu, hayo siyo wanayosema." Nikamuuliza, "Niache?" Akasema, "Ukiacha, mimi Jumapili nitakwenda wapi?" Hajamwambia mtu mpaka leo.

Lakini hilo neno la kinyozi, mwanangu! "Mnyoe na mdogo wangu." Nimelisema peke yangu shambani wiki nzima. Limeshinda langu: ni upole, na wembe umo ndani yake. Aliyeliandika ni fundi, na namwonea wivu.

Nitakuja. Huyo Mikaeli apumzishe koo kwanza.

Mjomba wako,
Yusufu


Dar es Salaam, 30 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi kusikia ulifika nyumbani salama na umemkuta mkaza mjomba amepona kifua.

Kuna mambo sikukwambia ulipokuwa hapa, kwa sababu ulikuwa umezungukwa na watu. Siku ile ya kwanza ulipoingia na koti lako juu ya kanzu, ukaomba wazime sauti, niliwaona wawili wakiangaliana. Ukatazama kimya, kisha ukamwambia Mikaeli, "Baba, hapa hana hasira. Ana usingizi. Tangu ajue kauzwa na ndugu yake hajalala. Msemee kama mtu asiyelala." Mikaeli akarudia, na dada Gladness akavua vile vya masikioni akaviweka chini. Wale wawili hawakuangaliana tena.

Alipokuomba umtie sauti Mzee Kofia wewe mwenyewe ukakataa, mimi niliumia. Nilidhani unaogopa. Juzi Mikaeli ameniambia ulichomnong'oneza mlangoni: "Mtu akishaanza kuivaa kofia, hanyang'anywi." Sasa anatembea humu ndani kama mwenye nyumba.

Filamu itaonyeshwa Jumapili, tarehe 13 Oktoba, saa tisa alasiri. Mwisho wake kumeandikwa: Mwongozaji wa sauti, Yusufu Chilumba, Ziwani, Mtwara. Dada Gladness aliuliza kama kijiji ni lazima. Nikamwambia ni lazima.

Mpwa wako,
Somoe


Ziwani, 15 Oktoba 2024

Mpwa wangu Somoe,

Marahaba mwanangu. Hapa afya njema, korosho zinaanguka vizuri, na nina habari ya kukupa.

Juzi banda lilijaa mpaka wengine wakachungulia madirishani. Walitoka hata Msimbati, kwa bodaboda. Filamu haijamaliza dakika kumi, wakaanza: "Zima sauti, Yusufu! Sema wewe!" Wakapiga benchi. Nikainuka nikawaambia, "Tulieni. Maneno haya kayaandika mtoto wa dada yangu, kayatoa kwenye lugha yenyewe. Asiyetaka kumsikiliza, mlango ule." Hakutoka mtu. Na kwa kinyozi, Somoe, hakukohoa mtu.

Jina lilipotokea, Mwalimu Isaya alilisoma kwa sauti, lote, na kijiji. Wakamwambia arudie. Lilikuwa limekwisha kupita, akarudia kwa kichwa. Hawa hakusema neno, na wewe unamjua.

Nikueleze jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Miaka yote hiyo sijawahi kuitazama filamu nimekaa. Nilikuwa kazini. Safari hii nilikaa benchi la pili, katikati ya Hawa na Mwalimu, sijui neno linalofuata. Mzee Kofia alipofika pale mwishoni, gatini bandarini, peke yake, maadui wakimnyemelea, nikasahau kwamba mwisho wake naujua kuliko mtu yeyote Tanzania. Nikasimama nikampigia kelele, "Nyuma yako! Tazama nyuma yako!"

Banda zima likacheka. Nami nikacheka nao.

Mjomba wako,
Yusufu