Mazuti yaliyoingia mtoni kutoka depo ya Lubunga

Jina: Yunus Kasongo. Umri: miaka 38. Kazi: mtu wa pampu, depo ya mafuta. Makao: Lubunga, Kisangani.

Mnamo tarehe 11 Machi 2024 asubuhi tulikuwa tukishusha mafuta ya mazuti kutoka kwa bateau, meli ya mizigo. Bomba letu lilikuwa na ufa. Mkaguzi wa mazingira, Mama Nasra, alikuwa amelifunga wiki iliyotangulia. Aliweka waya wenye muhuri kwenye vali, akasema lisitumike hadi libadilishwe.

Meneja wetu, Bwana Lionel, aliukata waya huo kwa koleo mbele yangu. Nilimwambia, "Chef, Mama Nasra alikataza." Akajibu, "Bateau inapashwa kuondoka leo. Fungua." Nikafungua.

Saa nne hivi ufa ulipanuka. Mazuti yakashuka kwa mtaro hadi mtoni, pale wanawake wanapoloweka mihogo. Niliona mmoja wao, Karima, akitoa mihogo yake majini, akiinusa na kuitupa. Nilimwomba chef tufunge. Alisimama mbele ya vali, akasema, "Bado kidogo."

Ndipo akaingia Hemedi, mume wa Karima. Ni mvuvi na jirani yangu. Hakushika panga, ingawa depo imemshtaki kwamba alishika. Alisema, "Papa, funga. Tunakunywaka ile mayi."

Lionel akasema, "Toka! Hapa haiko kwenu."

Hemedi alimsogeza kwa bega, akaanza kuzungusha vali. Bomba likapasuka, mazuti yakamrukia machoni. Alipiga kelele lakini hakuachia mpaka yalipokoma.

Walinzi wa depo walimfunga mikono kabla hajanawa. Nilimletea maji ya kunywa kutoka kibanda chetu cha pampu. Ya mtoni hayakufaa tena. Nilimwosha mimi. Aliniuliza, "Yunus, imefungwa?" Nikamwambia imefungwa.

Nimeulizwa kwa nini sikufunga mimi. Nilikuwa ninangoja amri. Nimeulizwa pia kama ninajua depo haitanirudisha kazini. Ninajua.

Nimeyasema haya bila kulazimishwa na mtu, na mbele ya hakimu nitayasema hivi hivi.

Sahihi: Y. Kasongo

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili, ameyakubali. Baadaye ameomba kumwona mtuhumiwa, Hemedi, nami nimemsindikiza hospitali. Mtuhumiwa amefungwa bandeji macho yote mawili. Aliposikia hatua zetu aliuliza, "Ni nani?" Shahidi amebaki mlangoni. Nimejibu mimi kwamba ni Yunus, jirani yake.

Merdi, afisa wa upelelezi